Skrubu sita au wiki 12 za mazoezi: kisa cha dereva mwenye maumivu sugu ya kiuno

Mgonjwa wa kisa hiki ni wa mfano. Ameundwa kutokana na mambo yanayojirudia kwenye kliniki za mgongo, ili uamuzi mmoja uchambuliwe mwanzo hadi mwisho. Ni dereva wa daladala mwenye miaka 44, njia yake Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo, mwaka wa 16 sasa kwenye usukani. Gari si lake. Kila jioni kuna hesabu ya tajiri, na siku asipoendesha usukani anaushika deiwaka, yeye anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kiuno kimemuuma miezi 26. Amekuja na bahasha ya MRI, na mkewe ndiye aliyeuliza kabla hawajakaa vizuri: "Dokta, tumeambiwa pingili mbili zimesagika, lazima zifungwe vyuma. Tuuze kiwanja?"

Bahasha iliwekwa pembeni kwanza. Anayeanza na picha huishia kutibu picha.

Maumivu yako chini ya kiuno, yanashuka hadi tako la kulia na mara nyingine nyuma ya paja, lakini hayavuki goti. Yanazidi akikaa zaidi ya nusu saa, akiinuka kitini, na akiinama kutoa tairi la akiba. Akitembea yanapungua. Hapo tayari kuna habari kubwa: maumivu ya mshipa wa fahamu uliobanwa kwa kawaida huvuka goti, hufika ugokoni au unyayoni, huja kama umeme na mara nyingi huandamana na ganzi. Ya huyu hayako hivyo.

Yakafuata maswali ambayo hayatakiwi kurukwa hata foleni ya wagonjwa ikiwa ndefu namna gani. Mkojo unatoka vizuri? Kuna ganzi sehemu za siri au eneo la kukalia? Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito? Amewahi kuugua kifua kikuu, au kuishi na mtu aliyeugua? Ana historia ya saratani? Maumivu yanamwamsha usiku hata akiwa ametulia? Kwa Dar es Salaam swali la kifua kikuu si la kujaza fomu. TB ya pingili hujificha miezi mingi ikiitwa "mgongo tu", na anayeipeleka kwenye mazoezi bila kuigundua anaweza kumwachia mgonjwa kibiongo au miguu iliyopooza. Dereva huyu alijibu hapana kote. Hata hivyo alipimwa picha kamili ya damu, ESR (kipimo cha damu kinachoashiria uvimbe au maambukizi mwilini), VVU na kreatinini (kipimo cha figo). Majibu yote yalikuwa ya kawaida.

Uchunguzi wa mwili ulichukua dakika 15 hivi. Alitembea kwa visigino, akatembea kwa ncha za vidole. Alikunja kidole gumba cha mguu kuelekea juu huku kikizuiwa. Goti na kano ya kisigino vikagongwa kwa nyundo, pande zote mbili zikalinganishwa. Akalala chali, mguu ukainuliwa ukiwa umenyooka hadi nyuzi 70 bila umeme kushuka. Nyonga zikazungushwa, kwa sababu nyonga iliyochakaa huweza kujifanya kiuno. Neva zote zilikuwa nzima. Lililoonekana ni misuli ya mgongo iliyokakamaa, na namna ya kuinama ya mtu anayeogopa: pumzi imezuiwa, mkono umeshika paja.

Vipimo vingine: kilo 92 kwa urefu wa sentimita 170, shinikizo la damu 152/94, sigara nane kwa siku, usingizi wa saa tano. Kwenye fomu ya Oswestry, inayopima jinsi kiuno kinavyomzuia mtu shughuli za kila siku (alama zikiwa nyingi, hali ni mbaya zaidi), yenye vipengele kumi vya alama 0 hadi 5 kila kimoja, alipata 22 kati ya 50, yaani asilimia 44. Maumivu aliyapa 7 kati ya 10.

Ndipo bahasha ikafunguliwa. Diski, yaani mito iliyo kati ya pingili, za L4/L5 na L5/S1, mbili za chini kabisa kiunoni, zimekauka na kupungua kimo, ya L4/L5 imevimba kidogo kuelekea nyuma, hakuna neva iliyobanwa, pingili hazijateleza. Haya ndiyo yaliyotafsiriwa kuwa "pingili zimesagika". Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kwa wenye miaka 40, asilimia 68 walikuwa na diski zilizochakaa na asilimia 50 zilizovimba. Kwa hiyo abiria wengi wa rika lake waliomo kwenye daladala lake wana picha inayofanana na yake na hawaumwi. Mkewe alipoelezwa hivyo aliuliza swali la haki kabisa: kama si picha, mbona anaumwa? Jibu ni kwamba maumivu ni ya kweli, na diski zinaweza kuchangia, lakini picha haiwezi kuonyesha kwa uhakika kwamba ndizo chanzo. Vyuma haviwezi kulenga kitu ambacho hakijathibitishwa.

Sababu iliyoandikwa kwenye barua ya rufaa ilikuwa hii: "Tiba isiyo ya upasuaji imeshindikana." Sentensi hiyo ndiyo inayopeleka watu wengi kwenye meza ya upasuaji, na sisi tunaona ndiyo inayostahili kuchunguzwa kuliko MRI yenyewe. Tuliorodhesha alichopata kwa miezi 26. Sindano za diklofenaki, hakumbuki idadi. Mkanda wa mgongo kwa miezi mitano. Tramado, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, wiki sita. Kuchuliwa na kupigwa chuku. Na fiziotherapia mara 12, ambazo zote alilala kifudifudi chini ya taa ya joto, akawekewa mashine ya umeme, akaambiwa asiiname na asibebe kitu kizito. Hakuna hata siku moja aliyofundishwa kuinama au kubeba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri mikanda, kuvutwa mgongo, mashine za umeme za aina hiyo na dawa za jamii ya afyuni zisitumike kama tiba ya kawaida. Unachopendekeza ni mazoezi yenye mpango, elimu kwa mgonjwa na msaada wa kisaikolojia, na dawa za kupunguza maumivu na uvimbe kwa wanaoweza kuzitumia. Basi kilichoshindikana kwa dereva huyu ni vitu ambavyo havikutarajiwa kufanikiwa. Tiba yenyewe hakuwa ameipata.

Jambo hilohilo ndilo linaloeleza kwa nini tafiti kubwa zinaonekana kugombana. Uswidi mwaka 2001 walilinganisha wagonjwa 294, wengine wakaunganishwa pingili kwa upasuaji, wengine wakaendelea na fiziotherapia ya kawaida. Baada ya miaka miwili alama za Oswestry za waliopasuliwa zilishuka kutoka 47 hadi 36, za wenzao kutoka 48 hadi 46 tu. Upasuaji ulishinda waziwazi. Norwei mwaka 2003 walilinganisha wagonjwa 64, lakini safari hii upande wa pili ulipewa programu nzito ya mazoezi pamoja na mafunzo ya kuondoa woga wa kutumia mgongo. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walitoka 41 hadi 26, wa mazoezi 42 hadi 30. Uingereza mwaka 2005, wagonjwa 349: upasuaji 46.5 hadi 34.0, programu ya mazoezi 44.8 hadi 36.1. Tofauti baada ya marekebisho ya kitakwimu ilikuwa alama 4.1, wakati mgonjwa kwa kawaida huanza kuhisi mabadiliko ya maana zinaposhuka kama 10. Programu ya Uingereza ilikuwa siku tano kwa wiki, wiki tatu, kama saa 75 kwa wengi wao. Waliopasuliwa walipata matokeo yanayokaribiana nchi zote tatu. Kilichobadilika ni upande wa pili ulipewa nini.

Upasuaji nao utendewe haki. Katika utafiti huo wa Uingereza, asilimia 28 ya waliopangiwa mazoezi walikuwa wameshapasuliwa ndani ya miaka miwili, na hilo huweza kuficha sehemu ya faida ya kisu. Pia wapo wanaofanya programu nzuri kwa uaminifu na hawapati nafuu. Lakini wagonjwa wa Norwei na Uingereza walipofuatiliwa kwa wastani wa miaka 11, makundi mawili hayakutofautiana. Uingereza yenyewe, kupitia mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi yake inayotoa miongozo ya tiba, inashauri kuunganisha pingili kwa maumivu ya kiuno kusifanyike nje ya utafiti.

Familia inayofikiria kuuza kiwanja ina haki ya kujua inanunua nini. Kuunganisha L4 hadi S1, yaani pingili tatu zinazopakana na diski hizo mbili, ni hivi: mgonjwa anapewa nusu kaputi, analazwa kifudifudi, mgongo unapasuliwa katikati na misuli inatenganishwa na mfupa. Kila pingili inaingizwa skrubu mbili, mara nyingi zenye kipenyo cha milimita 6 hadi 7 na urefu wa 40 hadi 50, huku eksirei ya chumba cha upasuaji ikiongoza. Pingili tatu, skrubu sita, zinazounganishwa kwa fito mbili. Kisha mfupa unakwanguliwa na kuwekewa vipande vya mfupa wa mgonjwa mwenyewe, aghalabu kutoka nyonga, na wengine huondoa diski na kuweka kijisanduku mahali pake. Hapa watu wengi hukosea: vyuma haviponyi, vinashikilia tu. Kinachotakiwa ni mfupa uote na kuziba kati ya pingili, nao huchukua miezi 6 hadi 12. Usipoota, chuma kitapinda-pinda kila siku hadi skrubu ilegee au ikatike. Ndiyo maana sigara nane ni hoja ya upasuaji: nikotini inadhoofisha uotaji wa mfupa.

Yanayoweza kuharibika ni pamoja na usaha kwenye kidonda au kuzunguka vyuma, utando wa neva kuchanika na maji ya uti wa mgongo kuvuja, skrubu kugusa neva, damu kuganda mguuni, na baada ya miaka, pingili ya juu ya zile zilizofungwa kuchakaa kwa kubeba mzigo wa wenzake. Mgonjwa hutembezwa siku ya kwanza au ya pili na hulala wodini siku kadhaa. Kunyanyua vizito hukatazwa kama miezi mitatu. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, miezi mitatu hiyo ni sehemu ya bei, ingawa haimo kwenye ankara ya hospitali. Hata hiyo ankara iombwe kwa maandishi, vyuma, kitanda, damu na dawa kila kimoja kwa mstari wake, na mwenye bima apate kibali cha vyuma mapema. Si vizuri kugundua siku ya kulazwa kwamba bima inalipa chumba tu.

Uamuzi wa pamoja ulikuwa kiwanja kibaki, na tiba ambayo hakuwahi kuipata ifanyike kwa wiki 12 kabla ya kisu kujadiliwa tena.

Programu ilikuwa na vikao 20 vya dakika 75: viwili kwa wiki kwa wiki nane, kisha kimoja kwa wiki. Nyumbani dakika 20, siku tano kwa wiki. Kikao cha kwanza hakikuwa na zoezi hata moja. Kilikuwa cha kueleza: diski haichomoki kwa kuinama, maumivu hayalingani na uharibifu, na mgongo uliolindwa miaka miwili umedhoofika kama mkono uliotoka kwenye bandeji ngumu.

Kanuni kuu ilikuwa kufuata kiasi, si maumivu. Kama leo ni dakika 10 za kutembea, ni 10 hata akijisikia vizuri, na ni 10 hata kiuno kikilalamika. Wengi hufanya kinyume: siku nzuri wanafanya ya wiki nzima, siku tatu zinazofuata wanalala. Alianza na kutembea dakika 10 asubuhi na jioni, zikaongezwa mbili kila wiki. Kwenye mkeka alifanya matatu: kuinua nyonga akiwa chali, kunyoosha mkono na mguu wa upande wa pili akiwa amepiga magoti na viganja chini, na kujiinua ubavu kwa kiwiko. Seti tatu za marudio manane, kila moja akihesabu hadi nane. Kosa la kawaida katika lile la pili ni kuinua mguu juu sana hadi kiuno kikaingia ndani. Mguu ufike usawa wa mgongo tu, na kikombe cha plastiki kikiwekwa kiunoni kisidondoke.

Kuanzia wiki ya tatu akaanza kubeba. Ndoo ya maji ni kifaa bora kuliko vingi vya gharama, maana lita moja ni kilo moja na kila nyumba inayo. Lita 5 kutoka kwenye stuli, kisha 5 kutoka chini, 10 kutoka kwenye stuli, 10 kutoka chini, hadi ndoo kubwa ya lita 20. Nyonga zinarudi nyuma, ndoo karibu na mwili, pumzi haizuiwi. Hatua haibadilishwi mpaka vikao viwili mfululizo vipite kwa seti 3 za marudio 8. Lengo liliandikwa ukutani: tairi la akiba.

Kiti cha gari nacho kilikuwa na kesi. Springi zimekufa, sponji imelala upande wa kulia, na klachi iko mbali kiasi kwamba nyonga inavutwa kila anapokanyaga. Kiti kilisogezwa mbele hadi goti libaki limekunjwa kidogo klachi ikiwa chini kabisa, egemeo likalazwa nyuzi 100 hadi 110, taulo iliyoviringishwa ikawekwa kiunoni, sponji ikabadilishwa. Kila mwisho wa njia anashuka na kuzunguka gari dakika tatu hadi tano wakati konda anaita abiria. Kwa wiki sita za kwanza deiwaka alichukua siku mbili kwa wiki. Hilo lilihitaji tajiri aelezwe kwa simu, na inafaa mtaalamu aipige mwenyewe kwa ruhusa ya mgonjwa, kwani maneno ya dereva peke yake huonekana uvivu.

Sindano zilisimama. Dawa za jamii ya diklofenaki hupandisha shinikizo la damu na huumiza tumbo na figo, na sindano ya tako ikikosewa huweza kujeruhi neva kubwa ya mguu, yaani kuanzisha ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao. Shinikizo lilipimwa tena siku mbili tofauti, likabaki juu, likaanza kutibiwa. Tramado aliyobakiza ilirudishwa.

Wiki ya nne mambo yaliharibika. Tairi lilipasuka Mtoni kwa Azizi Ali, akalibadilisha mwenyewe akiwa bado kwenye hatua ya lita 5. Usiku kiuno kikakaza, asubuhi akachoma sindano duka la dawa na kulala siku nne. Akaja akiwa na hakika kwamba pingili zimekatika. Alichunguzwa upya: neva nzima, mkojo sawa, mguu ukainuka nyuzi 70 kama mwanzo. Hakupigwa picha nyingine. Hapa ndipo programu nyingi hufa, kwa sababu hakuna aliyemwambia mgonjwa mapema kwamba siku hii itakuja. Mpango wa siku mbaya unatakiwa uandikwe wiki ya kwanza, na huyu tulichelewa kumpa. Ukaandikwa sasa: mazoezi yapunguzwe nusu kwa siku tatu, yasisimamishwe, kutembea kubaki palepale, maji ya moto kiunoni yakimfariji, na jeli ya diklofenaki ya kupaka, siku ya nne arudi kwenye kiasi cha wiki iliyopita. Vikao vitatu pia vilimpita kwa sababu ya nauli na foleni, viwili vikafanyika kwa simu ya video akiwa uani kwake.

Mwisho wa wiki 12 Oswestry ilikuwa asilimia 32. Baada ya miezi sita, 26. Maumivu yakawa 4 kati ya 10. Sigara zimebaki mbili, uzito kilo 88. Ndoo ya lita 20 anabeba, tairi anatoa, anaendesha siku sita. Hajapona kwa maana ya kutoumwa. Foleni ndefu za msimu wa mvua bado zinamkumbusha. Kushuka kwa alama 18 hakupungui kile walichopata waliopasuliwa katika tafiti zile tatu, lakini huyu ni mtu mmoja, na anayefuata anaweza kushuka alama 5 tu.

Kama angeshuka alama 5 tu, baada ya miezi sita ya kazi halisi, mazungumzo ya kuunganisha pingili yangefunguliwa kwa uaminifu: sigara aziache wiki kadhaa kabla na baada, msongo au sonona vitibiwe kwanza, na ajue kwamba matarajio ni nafuu ya kiasi, si mgongo mpya.

Na kama kisa kingekuwa tofauti kidogo, jibu lingebadilika kabisa. Maumivu yanayovuka goti na ganzi ya kidole gumba, pamoja na MRI inayoonyesha diski ikibana neva upande uleule, hiyo ni habari ya mguu. Kuondoa kipande cha diski ni upasuaji mdogo kuliko kuunganisha pingili, nao una ushahidi mzuri. Utafiti wa Uholanzi wa 2007 wenye wagonjwa 283 ulionyesha waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, ingawa baada ya mwaka makundi yote mawili yalifikia asilimia 95 ya kupona. Hapo mgonjwa anachagua kasi. Mzee anayelazimika kuketi kila baada ya mita 100 kwa sababu miguu inakufa ganzi, kisha akiinama mbele anapata nafuu, huenda mfereji wa neva umebana, naye pia hufaidika na upasuaji.

Ya kukimbilia ni machache, na dereva alipewa kwenye karatasi aliyoibandika nyuma ya kivuli cha jua cha gari: mkojo kugoma au kutoka bila kujua, ganzi sehemu za siri, miguu yote miwili kulegea. Likitokea moja, ni hospitali yenye daktari wa upasuaji wa mgongo siku hiyohiyo, kama taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, bila kusubiri asubuhi na bila kuanza na sindano. Homa ya jioni na uzito unaopungua havisubiri kikao kijacho pia. Kikao chake kijacho ni miezi 12 tangu aanze programu, na fomu ya Oswestry itajazwa kabla hajaulizwa hali.